Mchango wa Promu Nitatuma, kwa Sharti

Kwenu wazazi, mashangazi, wajomba na majirani wa Matasia,

Nawaandikia kutoka Lowell, Massachusetts. Baridi imeingia, na wenzetu wengi wa zamu za usiku wamekwisha toa makoti mazito. Natumai huko mvua za vuli hazijaharibu barabara ya Kiserian.

Nimeona mchango uliowekwa kwenye grupu la familia. Kijana wetu anamaliza kidato cha nne, na yeye na wenzake wanaandaa dansi ya kuaga shule, ile wanayoiita promu. Orodha nimeisoma yote: ukumbi huko Karen, suti ya kushonesha, gari la kukodi la kumfikisha mlangoni, mpiga picha, keki, na kitu kinachoitwa "pesa ya meza". Chini yake kuna namba ya M-Pesa ya mtu nisiyemjua. Shule haikutajwa popote. Mwalimu hakutajwa. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika, na nawaandikia nyote kwa sababu najua orodha kama hii haikufika kwetu peke yetu.

Vijana kucheza muziki baada ya kutoka kwenye mtihani, mimi sina neno. Miaka minne ya kuamka alfajiri kwa kengele inastahili jioni moja ya kelele. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba jambo hili limetoka huku niliko, na vijana wameliona kwenye simu. Simu imewaonyesha nusu yake.

Nusu waliyoiona ni ya kweli. Mwezi wa Mei ukifika hapa, wasichana hutoka saluni kama maharusi, na wavulana hukodi suti pamoja na viatu. Mwaka 2015 kampuni ya Visa ilichunguza gharama hizo ikakuta kwamba familia ya Kimarekani ilipanga kutumia wastani wa dola 919 kwa kijana mmoja. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo hili leo ni dola 15 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya saa sitini za kazi yetu ya kugeuza wagonjwa kitandani, kabla ya kodi ya serikali na kodi ya nyumba. Na katika uchunguzi huo huo kulikuwa na jambo lililonishangaza kuliko wastani wenyewe. Familia zenye kipato cha chini ya dola 25,000 kwa mwaka zilipanga kutumia dola 1,393, ilhali zile zenye zaidi ya dola 50,000 zilipanga kutumia 799. Maskini alimzidi tajiri karibu mara mbili. Mimi sioni kwamba huo ni ujinga. Mwenye nacho hana cha kuthibitisha. Asiye nacho anajua mtoto wake ataangaliwa kuanzia viatu, na aibu hiyo yuko tayari kuilipia hata kwa mkopo. Ninyi mnaijua aibu hiyo. Ndiyo inayomfanya mzazi wa kwetu apeleke mbuzi sokoni Kiserian muhula wa tatu, wakati salio la karo bado halijalipwa.

Sasa nusu ambayo simu haikuonyesha. Kwa kawaida mwenye shughuli ni shule. Wanafunzi wenyewe huunda kamati, huosha magari ya watu na kuuza keki ili bei ya tiketi ishuke, na walimu husimama mlangoni usiku kucha. Asiye na gauni ana pa kwenda. Mwaka 2003 msichana mmoja wa Florida, Rebecca Kirtman, alikusanya zaidi ya magauni 250 yaliyokwisha valiwa akawagawia wenzake bure. Mwaka huo huo alifariki katika ajali ya gari akiwa na miaka 16, na wazazi wake wakaendeleza kazi yake kwa jina la Becca's Closet, ambayo sasa ina matawi katika majimbo mengi. Magauni ya namna hiyo huishia kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi pia, ila hapo mnayanunua.

Na nchi hii hii imeonyesha kinachotokea shule ikijitoa. Huko Charleston, Mississippi, wanafunzi weupe na weusi walisoma darasa moja tangu 1970, lakini promu zao zilibaki mbili, kila rangi na yake, kwa kuwa waliozigharamia walikuwa wazazi. Mwigizaji Morgan Freeman, aliyekulia eneo hilo, alijitolea mwaka 1997 kulipia dansi moja ya wote. Hawakukubali hadi 2008, na hata wakati huo baadhi ya wazazi weupe waliendelea na yao pembeni. Anayelipa ukumbi ndiye anayeamua nani aingie. Kwetu hakuna atakayeuliza rangi. Watauliza kama umelipa pesa ya meza.

Tulifikaje hapa? Sisi tuliosoma zamani tulikuwa na siku ya maombi: wazazi wanakuja na vyakula kwenye sufuria, mchungaji anaomba, mkuu wa shule anahutubia kupita kiasi, halafu mnakula na kupiga picha. Baada ya wizi mkubwa wa mitihani ya 2015, aliyekuwa waziri wa elimu, Fred Matiang'i, aliziondoa siku za maombi na za kutembelea wanafunzi katika muhula wa tatu, kuanzia 2016. Sababu yake ilikuwa nzuri, majibu yalikuwa yakipenyezwa shuleni kwa njia nyingi. Lakini leo watahiniwa wengi huweka kalamu chini na kutoka getini siku hiyo hiyo, bila hata kikombe cha chai na walimu wao. Mimi naamini pengo hilo ndilo wafanyabiashara wa kumbi walilolijaza. Uganda wamefika mbali kuliko sisi. Mwaka 2025 wizara yao ya elimu ililazimika kupiga marufuku magari ya kifahari na anasa za kupindukia katika sherehe za shule, baada ya video za promu kuenea mitandaoni.

Na bado hamjaona mwisho. Mtaala mpya umegawanya safari ya mtoto kwa vituo vingi, na kila kituo kinatafutiwa joho: PP2, gredi ya 6, gredi ya 9, kisha gredi ya 12. Mtihani wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 utafanywa 2027, na baada ya hapo mzazi mwenye watoto watatu ajiandae kwa mahafali kumi na mawili. Mtoto wa miaka mitano kuvishwa kofia ya chuo kikuu ni mzaha unaopendeza kwa mara ya kwanza tu.

Linaloniuma zaidi katika matumizi haya ni vyeti. Sheria ya Baraza la Mitihani (KNEC) ya mwaka 2012 inakataza shule kuzuia cheti cha mtahiniwa, lakini wote tunajua vijana ambao vyeti vyao vimefungiwa ofisini kwa sababu ya karo. Karo ya mwaka katika shule ya bweni ya kitaifa iliwekwa shilingi 53,554. Zile dola 919 ni zaidi ya shilingi laki moja kwa kiwango cha sasa. Sikatai kwamba orodha yenu iko chini ya hapo. Lakini wapo watakaopigwa picha Desemba milimani Ngong, mitambo ya upepo ikizunguka nyuma yao, na Machi waombe kazi bila cheti mkononi.

Kama tunataka mfano wa kuaga rika kwa heshima, hatuna haja ya kuvuka bahari. Septemba 2020, katika vilima vya Maparasha hapo hapo Kajiado, maelfu ya wanaume wa Kimaasai walikusanyika kwa Olng'esherr, wakaacha umorani wakaingia uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliiorodhesha sherehe hiyo, pamoja na Enkipaata na Eunoto, kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ng'ombe na mbuzi walichinjwa wengi sana, kwa hiyo msiseme nawaambia mfanye sherehe kavu. Tofauti ni kwamba rika lilivuka kama rika, na mwenyeji alikuwa jamii.

Basi sharti langu ni hili. Kiasi mlichoniomba kwa ajili ya kijana wetu mmoja nitakituma chote, lakini kwa darasa lake lote. Ombeni ukumbi wa shule, au uwanja wa kanisa hapo Matasia, baada ya karatasi ya mwisho ya KCSE. Wote wavae sare, ile ile waliyoivaa miaka minne, na mwenye sahihi za wenzake kwenye shati asikatazwe. Walimu waalikwe, pilau ipikwe, spika zikodishwe, na saa nne usiku kila mtoto arudi kwao. Kitakachobaki kipunguze salio la karo la yule anayedaiwa zaidi, bila jina lake kutangazwa.

Nimezungumza na wenzetu kadhaa walio huku, nao wako tayari kuchangia kwa mpango huo. Namwomba mwenyekiti wa wazazi aitishe kikao mwezi huu. Mkikubaliana, nitumieni namba ya akaunti ya shule, maana kwa namba ya mtu binafsi sitatuma.

Wenu,
Mwana wa Matasia, Lowell