Daraja Lataka Mlinzi

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, mwananchi atokaye Nyegezi kwenda Sengerema hangoji tena kivuko pale Kigongo. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeziunganisha Kigongo na Busisi, na kuvuka ghuba sasa ni kazi ya dakika chache. Zaidi ya shilingi bilioni 700 za wananchi zimesimama pale majini. Yafaa tuulize: nani atazilinda?

Hatusemi ulinzi wa bunduki. Adui wa jengo la majini ni mabadiliko madogo madogo: nguzo kudidimia, zege kupasuka, nyaya kulegea. Jicho huyaona yakiwa yamekwisha kuwa makubwa.

Nchi zenye mahandaki ya barabara chini ya maji zimekwisha pata njia ya kuyagundua mapema. Nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, huzikwa katika zege au hugandishwa ukutani, na mwanga hupitishwa ndani yake. Ukuta ukivutika, uzi huvutika nao, na mwanga unaorudi hubadilika. Hivyo mpimaji aweza kujua kwamba mita moja ya ukuta imerefuka kwa sehemu moja ya elfu ya milimita, tena ni mahali gani. Uzi huo haupitishi umeme wala hauliwi na kutu. Wafaa kwa madaraja vilevile.

Lakini chombo hakina akili. Joto la mchana nalo huubadilisha mwanga huo. Asiyejua atatangaza hatari isiyokuwapo, au ataidharau iliyopo. Yatakiwa fundi aliyefunzwa, naye awe kijana wetu, maana makandarasi wa kigeni hurudi kwao.

Tena, kujua si kutenda. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kuchukua abiria 101, na idadi hiyo ilijulikana. Hata hivyo, tarehe 20 Septemba, 2018, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejazwa kupita kiasi, na ndugu zetu zaidi ya 220 wakafa. Haikukosekana hesabu, alikosekana mtu wa kusema, "Basi, kimejaa."

Kwa hiyo twasema: vipimo vya daraja visomwe kila siku, wananchi waelezwe, na msomaji wa vipimo awe na amri ya kuzuia malori bila kungoja barua kutoka juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu tumekwisha ulipia mara moja.