"Alo, alo" haipimi maiki

Ingia ukumbi wowote wa harusi Dar es Salaam alasiri, kabla wageni hawajafika. Utamkuta kijana wa mitambo kasimama jukwaani na maiki ya wayalesi mkononi: "Alo, alo, moja, mbili." Sauti ikitoka nzito na safi, anaizima, anakwenda zake kunywa soda. Usiku baba wa bibi harusi anaanza nasaha, na maiki inakatika pale pale penye neno aliloliandaa wiki nzima. MC anachomekea utani, watu wanacheka, lawama zote zinaangukia betri.

Mitambo ndiyo inayonilisha, na naona betri inasingiziwa mno. "Alo, alo" inapima spika. Safari ya mawimbi kutoka kwenye maiki hadi kwenye risiva haijapimwa na mtu.

Maiki nyingi za mkononi zina antena kwenye kitako. Mzungumzaji akiikamatia huko chini, kiganja kinaifunika, na mwili wa binadamu, kwa maji yaliyomo, hunyonya mawimbi. Tena nguvu yenyewe ni ndogo: maiki ya kawaida hurusha miliwati 10 hivi, wakati simu ya 4G inaweza kufika 200. Jaza sasa ukumbi wageni, kila mmoja na simu yake, halafu ufiche risiva chini ya meza, nyuma ya mapambo. Unategemea nini?

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuwasha risiva huku maiki zote zimezimwa. Vitaa vya mawimbi vikipanda, kuna mwingine anatumia masafa hayo, hama. Kisha awashe maiki zote kwa pamoja, maana zikikaribiana huzaa masafa ambayo hakuna aliyeyapanga. Moja ikiwa megahezi 600 na nyingine 601, zitajitokeza pia 599 na 602. Ukiipangia maiki ya tatu hiyo 602, umejitafutia balaa mwenyewe. Halafu mtu atembee nayo mpaka mlangoni, mgongo akiupa risiva, kiganja kimefunika kitako, na mwenzake akodolee vitaa. Kazi yote hiyo haimalizi nusu saa, ila haina mbwembwe, ndiyo maana hairukwi tu bali husahaulika kabisa.

Wenye viwanda vya simu hupima hivyo hivyo kwa gharama kubwa: vyumba vilivyozibwa visipenye mawimbi ya nje, kuta za sponji zenye ncha, vichwa na mikono ya bandia. iPhone 4 ilipolalamikiwa mwaka 2010 kwamba inapoteza mtandao ikishikwa namna fulani, Apple ilifungua vyumba hivyo waandishi wa habari wakaviona.

Huku kwetu, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki Juni 2016, kigezo kilikuwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Sawa, ila namba halali haikwambii kama antena inasikia. Ulaya, sheria ya vifaa vya redio iliyoanza kutumika mwezi huo huo inadai upokeaji nao uwe na kiwango. Nasi tudai hivyo. Sanduku la maiki la Kariakoo lililoandikwa "mita 100" liseme ni mita 100 za wapi: kiwanja kitupu, au ukumbi uliojaa watu? Mwagizaji asiye na karatasi ya kipimo afute hiyo namba.

Kamati za harusi nazo, kabla ya kumlipa mtu wa muziki salio lake, zimtake arudie kupima wageni wakishakaa. Na anayenunua maiki za mtumba asome masafa mgongoni mwa risiva. Yale ya megahezi 694 hadi 790 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2015 ulikamilisha kuyafungulia mitandao ya simu, Afrika na Ulaya. Maiki ya miliwati 10 haiwezi kushindana na mnara wa simu.