Kitabu cha Moloney tu hakitoshi

Papa mwandishi, makala yako ni nzuri, ila kitabu ulichokitaja cha Daktari Moloney, kilichochapishwa London mwaka 1893, kisiachwe kiseme peke yake. Moloney alifika Katanga na msafara wa Kapteni Stairs, kwa kazi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Anatusimulia jinsi Bodson, ofisa wa msafara huo, alivyomwua Mwami Msiri, mtawala wa Katanga, kule Bunkeya, Desemba 1891, na Bodson naye akapigwa risasi, akafa. Sawa. Lakini wapagazi wa msafara huohuo waliokufa kwa njaa baadaye, nani anawajua kwa majina? Wazungu wana Moloney wao; sisi hapa Lubumbashi tuna André Yav. Mwaka 1965 aliandika historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi hii kwa jina lake la zamani, kwa Kiswahili chetu, kwa niaba ya maboyi, yaani watumishi wa nyumbani, wa zamani wa Wazungu. Ungemtaja hata kwa mstari mmoja.