Mwitaji na Mwitikaji: Rai kuhusu Istilahi za Itifaki za Ala

Uundaji wa istilahi hauna budi kuanzia katika dhana, si katika neno la Kiingereza. Rai hii tunaitoa kwa kuzingatia itifaki za mawasiliano ya mfuatano, yaani makubaliano yanayoziwezesha ala za kielektroniki, mathalani mita za umeme, kupashana habari biti moja baada ya nyingine katika waya wa pamoja.

Mfano mashuhuri ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Humo ala moja huuliza. Nyingine, zilizopewa namba kati ya 1 na 247, hunyamaza mpaka namba zao zitajwe. Kiingereza kiliziita pande hizo bwana na mtumwa.

Wapo watakaoitetea tafsiri hiyo kimofolojia, kwamba mtumwa, kama alivyo mtume, chanzo chake ni kitenzi -tuma. Hoja hiyo haitoshi. Maana ya neno hukaa katika matumizi, na katika mwambao ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, neno hili lina jeraha. Isitoshe, ala hiyo haitumwi popote: huitwa, ikaitika.

Mwaka 2020 shirika linalosimamia Modbus liliyaacha majina hayo, likachukua mteja na seva. Kulifuata kungetupotosha tena. Seva tuijuayo ni kompyuta moja inayohudumia wateja wengi. Hapa seva zingekuwa mita ndogo nyingi, na mteja mmoja tu.

Tunapendekeza mwitaji na mwitikaji, kutokana na vitenzi -ita na -itika. Mwanafunzi wa ufundi kutoka Daudi, wilayani Mbulu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na ngeli za Kibantu, ataifumbua istilahi hii kwa viambishi alivyofunzwa shule ya msingi, bila kupitia Kiingereza. Hicho ndicho kipimo cha istilahi: si kwamba mtaalamu wa Dar es Salaam ameikubali, bali kwamba aliye mbali na mwambao anaielewa na kuifanyia kazi.

Wanaistilahi wa BAKITA na wa vyuo vikuu na walipime pendekezo hili kabla tafsiri za pupa hazijaota mizizi. Istilahi ikishazoeleka, kuing'oa ni kazi ya kizazi kizima.