Vita vikija, redio inyamaze?

Januari 2025, wiki chache kabla mji wa Goma haujaanguka mikononi mwa waasi wa M23, waziri wa sheria wa Kongo, Constant Mutamba, alitishia adhabu ya kifo kwa atakayesambaza habari za waasi na jeshi la Rwanda. Al Jazeera nayo ikaadhibiwa kwa kumhoji kiongozi wa M23. Ilipofika Juni, CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, likavizuia visiripoti shughuli za rais wa zamani Joseph Kabila.

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Mji ukisikia waasi wako karibu, raia hufungasha na askari huvua sare. Na redio imewahi kuua. Tarehe 8 Agosti 1998 Radio Bunia iliwahimiza wasikilizaji wachukue mapanga, majembe, mawe, hata pasi za umeme, wawaue Watutsi wa Rwanda. Ila tuangalie: ile ilikuwa redio ya upande wa serikali.

Mji wetu wa Kindu unajua pia hatari ya upande wa pili, ile ya kukosa habari. Novemba 1961 Waitaliano 13, wafanyakazi wa ndege mbili za Umoja wa Mataifa, walitua hapa na mahitaji ya kikosi cha wanajeshi kutoka nchi ya Malaya. Wakakamatwa wakiwa mezani. Askari wa Kongo, wenye hasira ya vita vya jimbo la Katanga lililojitenga, waliwadhania kuwa Wabelgiji, wakawaua. Hakukuwa na sauti hata moja ambayo askari wale wangeiamini, ya kuwaambia wageni ni akina nani. Magazeti ya nje hayakufanya vizuri zaidi: yakaandika kwamba maiti zimetupwa mto Lualaba, mengine kwamba zimeliwa. Mapema 1962 zilikutwa zimezikwa katika kijiji cha Tokolote.

Ndiyo maana siamini kwamba kufunga redio kunaulinda mji. Oktoba 1998 Kindu ilitekwa na waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Baadaye wanamgambo wa Mai-Mai wakaizingira, reli ikakatika. Mkulima aliyetaka kuvuka mto kwenda shambani alihitaji kujua leo nani anashika ng'ambo. Tangazo la mtawala halikumwambia, akabaki na maneno ya wapiga makasia.

Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, chini ya Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle, jambo kubwa halikuwa ubora wa mitambo. Nchi ilikuwa imegawanyika, na ghafla taarifa moja, kwa Kiswahili, ikabeba habari za Kinshasa na za maeneo ya waasi pamoja. Waasi walihojiwa. Hawakuongeza hata kijiji kimoja kwa kuhojiwa.

Anayechochea mauaji ashtakiwe, awe mwasi au waziri. Anayeripoti kwamba barabara fulani imetekwa aachwe afanye kazi yake. Kinshasa imezoea kinyume chake. Agosti 1998 Abdoulaye Yerodia Ndombasi, msaidizi wa rais Laurent Kabila, aliwaita maadui wadudu wa kuangamizwa. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaifuta tarehe 14 Februari 2002, kwa kuwa hati ilipotolewa alikuwa waziri wa mambo ya nje mwenye kinga. Mwaka uliofuata akaapishwa kuwa mmoja wa makamu wanne wa rais.