Hapa Nilipo au Pale Walipo?

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa binadamu. Siku hizi, hata hivyo, mashine nazo zimepewa ulimi, na zinapojikwaa watu hufa.

Mfumo wa kutambua mahali kwa setilaiti, yaani GPS, ni zao la jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Leo kipokezi chake kimo ndani ya rununu zetu. Jeshini kimepachikwa katika ndege, magari ya vita na hata mkiani mwa bomu. Bomu la aina ya JDAM hupewa namba za latitudo na longitudo, kisha hujiongoza hadi mahali hapo. Halijui kama pana adui au rafiki.

Tarehe 5 Desemba 2001, kaskazini mwa Kandahar nchini Afghanistan, askari mmoja wa Marekani alitumia kipokezi cha mkononi kukokotoa mahali walipokuwa wapiganaji wa Taliban. Betri ikaisha, akaibadilisha. Kipokezi kilipowaka tena kilionyesha mahali kilipokuwa chenyewe, kwani ndivyo kilivyoundwa. Namba hizo zikapelekwa kwa ndege ya B-52, na bomu la takriban kilo 900 likawaangukia Wamarekani wenyewe na wenzao Waafghani. Askari 3 wa Marekani walikufa pamoja na Waafghani kadhaa. Hamid Karzai, aliyeteuliwa siku iyo hiyo kuongoza serikali ya mpito, alijeruhiwa.

La kuzingatia ni kwamba hakuna chombo kilichoharibika. Setilaiti zilisema kweli, kipokezi kilisema kweli, na bomu lilifika lilikotumwa. Kilichokosekana ni kiambishi. Katika Kiswahili, "hapa nilipo" si "pale walipo": kionyeshi hutofautisha umbali, na kiambishi cha nafsi humtaja mhusika. Kipokezi kilitoa namba tupu, isiyo na nafsi, kikamwachia askari aliyekuwa vitani kazi ya kuijazia maana.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuviunganisha vyombo vyote, namba zipite kutoka kipokezi hadi bomu bila kuguswa na mkono. Hoja yao ina uzito, kwani asiyenakili hakosei kunakili. Lakini namba iliyopelekwa siku ile ndiyo iliyoonyeshwa na kipokezi. Ubaya wake ni kwamba haikuwa namba ya adui. Lau vyombo vingeunganishwa bila kuambiana namba ni ya nani, kosa lingesafiri kwa kasi zaidi, na bila shahidi.

Kwa maoni yangu, kuliita tukio hili kosa la kibinadamu na kuishia kumlaumu askari ni kumwonea. Mbunifu aliyeamua kipokezi kionyeshe nini baada ya betri kubadilishwa alitunga sentensi, na sentensi hiyo ilikuwa na utata. Kipokezi chochote kinachotumiwa kuelekeza silaha hakina budi kutaja kama namba ni ya mwenye kukishika au ya shabaha, na mfumo mzima ukatae kupokea ile ya kwanza mahali pa ile ya pili.

Sisi wanafunzi wa lugha huambiwa mara kwa mara kwamba taaluma yetu haina nafasi penye mitambo. Kuondoa utata katika sentensi ndiyo kazi tunayofundishwa kila siku. Tusione haya kuketi meza moja na wahandisi.