Ugumu Si Kinga ya Kutu: Majibu kwa Wauza Mipako ya Bastola

Ninyi mnaomiliki bastola kwa kibali, na ninyi mafundi mnaozitunza kwenye ghala za kampuni za ulinzi, mmekwisha kuyasikia maneno ya wauza mipako wa Marekani: lipa mara moja, kutu uisahau maisha. Nimezipitia hoja zao kwa makini na sikuridhika. Nawawekea ushahidi mezani. Hukumu ni yenu.

Wanaanza na ugumu. Krome ngumu, wanasema, haikwaruziki na holsta, kwa hiyo ndiyo kinga inayodumu. Nusu ya kwanza naikubali: krome hiyo hufikia ugumu wa Vickers 850 hadi 1,000, na holsta haiwezi kuifanya kitu. Lakini kutu haikwaruzi, inapenya. Krome ngumu huwa na nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Maji ya chumvi hupita humo, hukifikia chuma, na kutu huanza kula chini kwa chini huku juu panang'aa. Tena kuna jambo wanalolinyamazia. Chuma kinapopakwa krome kwa umeme, haidrojeni huingia ndani yake. Isipotolewa kwa kukioka kifaa saa kadhaa kwenye joto la takriban nyuzi 190, springi au kipande chembamba kinachochomoa ganda la risasi kinaweza kukatika ghafla. Ukikatikiwa na kipande hicho, kung'aa kwa slaidi hakutakusaidia. Muuzaji anayejisifia uimara bila kusema kama anaoka, swali la uimara hajalijibu.

Hoja ya stenlesi ni kwamba haihitaji mpako wowote, kwa kuwa kromiamu iliyomo hujitengenezea utando wake. Utando huo upo kweli, na ndiyo sababu Smith & Wesson waliweza kuuza Model 60 kuanzia mwaka 1965. Ila unategemea hewa kujirudishia, na chumvi huutoboa. Zaidi ya hapo, mitutu na slaidi nyingi huchongwa kwa stenlesi ya daraja la 416, ambayo imetiwa salfa ili ichongeke kirahisi, na salfa hiyo hiyo huipunguzia nguvu ya kuhimili kutu. Fungua skrubu za kishikio cha bastola iliyoshinda kiunoni Mombasa au Tanga msimu wa joto. Jasho hunaswa pale chini, hewa haipiti, na kuzunguka tundu la skrubu unaweza kukuta duara la rangi ya chungwa. Ukilifuta, vishimo vinabaki.

Hoja wanayoitegemea kuliko zote ni ile ya rangi ya kauri na polima inayopulizwa na kuokwa: imekaa maelfu ya saa kwenye ukungu wa chumvi bila kushika kutu, basi itaishinda hata bahari. Kipimo hicho, ASTM B117, nakifahamu. Bamba huwekwa ndani ya sanduku lenye ukungu wa chumvi asilimia 5, joto nyuzi 35, na kuachwa humo. Halisuguliwi, haliloani na kukauka kwa zamu, wala halina kona ambamo slaidi inakutana na fremu. Kiwango chenyewe kinatahadharisha kwamba matokeo yake, yakichukuliwa peke yake, ni nadra kuafikiana na hali halisi ya nje. Sasa pimeni ukinzani huu. Wakiulizwa kama unene wa maikroni 25 hivi hautaibana slaidi, wanajibu kwamba sehemu zinazosuguana huachwa bila kupulizwa. Basi sehemu hizo zinalindwa na nini? Ushahidi wa bamba lililofunikwa lote hauwezi kuisemea bastola iliyofunikwa nusu.

Hao hao wanadai kuwa chuma kilichonitridishwa kikipoteza weusi wake, kinga imekwisha. Si kweli. Weusi ni oksidi ya juu tu. Chini yake nitrojeni na kaboni zimeingia kwenye chuma chenyewe, tabaka la maikroni 10 hadi 20, na holsta haiwezi kulimenya. Slaidi ya Glock 17, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, ilitendewa hivyo. Lakini wapenzi wa njia hii nao huvuka mpaka wanaposema kila kipande kinitridishwe. Joto la kazi hiyo ni karibu nyuzi 570: springi hupoteza mnyumbuko, na stenlesi hufungiwa kromiamu yake ikashika kutu kuliko awali.

Inabaki hoja kwamba mafuta ni mambo ya zama za bastola za bluu. Tabaka la bluu lina unene wa takriban maikroni 1, na bila mafuta halizuii kitu. Hapo wana haki. Ila fosfeti iliyopakwa M1911A1 za Vita Kuu ya Pili ilifaa kwa sababu ina vinyweleo vinavyoshika mafuta, na oksidi nyeusi ya nitridi nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa chuma cha kawaida kinachobebwa Pwani, mimi nachagua slaidi na mtutu vilivyonitridishwa kiwandani, springi zisiguswe, na kitambaa chenye mafuta membamba kipite hadi chini ya vishikio kila bastola inapotoka kiunoni.